Nguo bila mwili: namna ya kuandaa maonyesho ya mavazi na sanaa

Kazi yangu ni kuvisha midoli. Nikijitambulisha hivyo watu hucheka, halafu huniuliza kama nina watoto wadogo nyumbani. Nilianza kama fundi cherehani, na siku moja niliitwa kwenye ukumbi wa sanaa kushona bega la gauni lililofumuka saa mbili kabla ya wageni kuingia. Nilipomaliza wakaniuliza kama naweza pia kulivisha. Tangu hapo nimevisha makoti ya sufu, magauni ya karatasi, suti ya mpira wa tairi, na mara moja sketi ya waya iliyonichana mikono yote miwili. Ninaandika kwa ajili ya yule anayetaka kuandaa maonyesho madogo ya aina hii, mavazi na sanaa ya kisasa ndani ya chumba kimoja, na hajui aanzie wapi.

Wengi huanzia kwenye bango na mwaliko. Mimi hurudi nyuma zaidi. Nguo ilikatwa kwa ajili ya mwili, na ukumbini mwili haupo. Mahali pake patakaa nini? Mchoro hauna shida hiyo, ukishautundika umekamilika. Nguo bila mtu ndani yake imefika nusu tu. Jibu linaweza kuwa mdoli (ile sanamu ya mtu ya kuonyeshea nguo), henga, video, meza ya kulazia, au nafasi tupu, ila lazima ulitafute kwa kila kipande peke yake, kwa sababu taa, urefu wa jukwaa na hata maneno ya ukutani yatalifuata. Usipolitafuta utaishia na duka lisilouza kitu.

Tafuta vipande vinavyogombana

Kosa la kwanza la mgeni wa kazi hii ni kulinganisha rangi. Anaona mchoro mwekundu, anatafuta gauni jekundu, anaviweka pamoja na kushangaa kwa nini watu wanapita bila kusimama.

Chukua lile gauni la miraba la mbunifu wa Paris, Yves Saint Laurent, la mwaka 1965, lililotokana na michoro ya Mondrian, mchoraji Mholanzi wa miraba ya rangi na mistari myeusi. Kwamba linafanana na mchoro kila mtu anaona. Mimi kama fundi nilipoliangalia vizuri kwenye picha kubwa niliona kitu kingine: ile miraba haikuchapwa. Kila kipande cha jezi ya sufu (kitambaa cha kufuma kinachonyumbuka) kilikatwa peke yake kikaunganishwa na mwenzake, na ile mishono inayolipa gauni umbo la kifua na kiuno imefichwa ndani ya mistari hiyohiyo. Mondrian alichora kitu bapa. Saint Laurent alikichukua kitu bapa, akakivisha juu ya kifua na nyonga, na bado kikaonekana bapa. Hapo ndipo penye ugomvi. Mwaka 2022, makumbusho sita ya Paris yalipoingiza kazi zake kati ya mikusanyo yao, mojawapo, Centre Pompidou, iliweka gauni hilo na mchoro wa Mondrian pamoja. Mgeni aliweza kuhamisha macho kutoka mstari wa brashi hadi mstari wa sindano bila kupiga hatua.

Kwa hiyo fanya jaribio hili. Kwa kila jozi unayotaka kuweka, andika sentensi moja: hiki kinamwambia nini kile? Sentensi ikitoka "vyote ni vyekundu" au "vyote ni vya mwaka mmoja", toa kimoja. Nimewahi kumwona msanii akitoa nusu ya orodha yake kwa jaribio hili, akakasirika siku mbili, akanishukuru siku ya tatu.

Itakusaidia pia kujua unashika kitu cha aina gani. Kuna msanii anayetumia nguo kama malighafi yake, mfano Mjerumani Joseph Beuys na suti yake ya mwaka 1970 ya feltu, yaani sufu iliyogandamizwa bila kufumwa, au Nick Cave wa Marekani, ambaye vazi lake la kwanza la sauti la mwaka 1992 lilikuwa la vijiti na lilichakarisha kila alipotembea. Kuna mbunifu wa mavazi anayefikiri kama msanii, na hapo namweka Hussein Chalayan. Halafu kuna wawili waliokaa meza moja, mbunifu na msanii: Elsa Schiaparelli na Salvador Dalí na gauni lao jeupe la mwaka 1937 lenye kambakoche mwekundu mbele ya sketi, au Issey Miyake na Cai Guo-Qiang, ambaye mwaka 1998 pale Fondation Cartier, ukumbi wa sanaa wa Paris, alipanga nguo za Miyake kwa umbo la joka, akazimwagia baruti na kuziwasha. Alama za kuungua zikawa ndiyo nakshi. Usichanganye aina zote tatu katika chumba kimoja kidogo. Utatoa maelezo mpaka koo likauke.

Na vipande vichache. Chumba cha ukubwa wa darasa kinabeba vinane, kumi ukibana. Nguo inataka kuzungukwa, kwa sababu mgongo wake mara nyingi umefanyiwa kazi kuliko mbele.

Kuazima

Hapa sitakaa sana. Andika mkataba, hata kama mwenye nguo ni rafiki yako: nani anabeba, nani analipa ikiharibika, inarudi lini. Kabla hujaigusa, piga picha za kola, kwapa, pindo na bitana, mbele ya mwenye nguo. Kwapa ndilo linalosema ukweli. Jasho la zamani hula hariri polepole, na usipolionyesha siku ya kupokea utaambiwa siku ya kurudisha kwamba ni wewe.

Mdoli

Sasa tukae.

Mdoli wangu wa kwanza ulikuwa wa dukani. Mabega mapana, shingo ndefu, nyonga hakuna. Nilivisha gauni la hariri jioni, likakaa vizuri, nikaenda kulala. Asubuhi mshono wa mgongo ulikuwa umeachia kwa urefu wa kidole. Gauni halikuvutwa na mtu, lilivutwa na mabega usiku kucha. Mbunifu alikuja, akaangalia mshono, akaniangalia mimi, hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Tangu siku hiyo napima nguo kwanza, mdoli baadaye. Napima kwa ndani: kifua, kiuno, bega hadi bega, na kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni. Halafu natafuta mdoli mdogo kuliko vipimo hivyo, kwa sababu kuongeza ni rahisi na kupunguza ni msumeno. Mdoli mwenyewe nauvalisha fulana ya jezi ya pamba iliyofuliwa na kusuuzwa mara mbili, ili plastiki yake na rangi yake visiguse nguo.

Juu ya fulana najenga mwili kwa pamba ya kujazia, ile ya poliesta inayouzwa ikiwa imetandazwa kama shuka. Naweka tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, na hapa kuna siri ndogo: usiikate kwa mkasi, ichane kwa mkono. Ukingo wa mkasi hubaki kama ngazi, na hariri nyepesi ikikaa juu yake utaiona ngazi hiyo kutoka mlangoni. Ukingo uliochanwa huyeyuka. Naishikiza kwa mishono mikubwa ya sindano, kifua, tumbo kidogo (watu wana matumbo, midoli haina), matako, na mbavu za nyuma. Nikimaliza navuta soksi ndefu ya nailoni juu ya kila kitu, ili nguo iteleze inapoingia badala ya kung'ang'ania pamba.

Mikono migumu naiondoa. Badala yake nashona mikono laini kama mito myembamba, naijaza kidogo tu, naishikiza begani kwa utepe. Mkono wa nguo wenye puto juu naujaza nyavu nyepesi iliyokunjwakunjwa, haina uzito na inasimama.

Kuvisha ni kazi ya watu wawili. Vua pete, saa, kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Nawa mikono ukauke kabisa. Amueni kabla kama nguo inapita juu au chini, msije mkajadiliana ikiwa tayari imekwama kifuani. Ikishakaa, rudi nyuma hatua tano usome mikunjo. Mkunjo wa mshazari kutoka shingoni kwenda kwapani unasema bega halijashikwa, ongeza pamba hapo. Mikunjo ya kulala kiunoni inasema gauni limeshuka, nyonga zako ni ndogo. Pindo likiinuka mbele, kifua umekijaza mno. Nguo inaongea, fundi yeyote anajua, ila ukumbini inaongea mbele ya watu.

Kichwa je? Hilo ni swali la maana, si la urembo. Msanii Yinka Shonibare huzitengeneza sanamu zake zenye mavazi ya kitenge bila vichwa, na ukosefu huo ni sehemu ya maneno yake, unakumbusha gilotini, mashine ya kukata vichwa ya Mapinduzi ya Ufaransa. Wewe ukiacha kichwa kwa sababu ulipata midoli isiyo na vichwa, mgeni bado atasoma maana. Ukiweka vichwa, kila uso unakuwa mtu, na watu wataangalia nyuso. Mimi hupendelea kukata shingoni na kufunika pale kwa kitambaa kilekile cha fulana, bila rangi, ili jicho lishuke kwenye nguo.

Nguo inapokataa mdoli

Kuna vipande ambavyo mdoli unaviua. Mwaka 2000, mwishoni mwa onyesho la Chalayan jijini London, mwanamitindo aliingia katikati ya meza ya duara ya mbao, akaivuta juu, na meza ikawa sketi. Maganda ya viti yalikuwa tayari yamegeuka magauni. Jambo lenyewe lilikuwa watu wanaolazimika kukimbia nyumba zao na kubeba wanachoweza. Ukimvisha mdoli sketi hiyo unayo sketi ya ajabu. Ukiiweka chini unayo meza. Kazi iko katikati, kwenye ile kuvuta, kwa hiyo hapo mahali pa mwili panakaa video, kubwa, kando ya kitu chenyewe, na isiwe kwenye skrini ndogo kona ya mlango.

Njia nyingine aliionyesha Olivier Saillard, mtu wa makumbusho ya mavazi, mwaka 2012 pale Palais de Tokyo, Paris. Alimpa mwigizaji Tilda Swinton nguo za makumbusho, naye hakuzivaa hata moja. Alizibeba mikononi akiwa na glavu nyeupe, akazitembeza mbele ya watu moja baada ya nyingine. Sheria ya kazi yetu ni kwamba nguo iliyoingia makumbusho haivaliwi tena. Wao wakaichukua sheria hiyo wakaigeuza kuwa onyesho lenyewe. Ukiwa na kipande dhaifu na mtu mmoja mwenye mikono tulivu, unaweza kufanya jambo kama hilo ukumbini kwako, dakika kumi kila alasiri.

Au laza. Mwaka 2024 Metropolitan Museum ya New York ilikuwa na magauni yaliyochakaa kiasi cha kutobeba uzito wake yenyewe, ikayalaza ndani ya makasha ya vioo kama wagonjwa waliolala. Hakuna aibu kwenye kulaza. Weka karatasi isiyo na asidi iliyoviringishwa ndani ya kila mkunjo, kila mkono, ili kitambaa kisivunjike palepale kila siku.

Kuning'iniza ndiko kunakonitia wasiwasi. Msanii mmoja kijana alitaka gauni lake lielee hewani kwa mshipi wa kuvulia samaki uliopitishwa mabegani. "Mama, mshipi hauonekani," akaniambia. Nikamwambia hauonekani kwa mgeni, ila bega linauona vizuri sana. Mshipi ni kisu chembamba. Tulichofanya, nilishona utepe mpana wa pamba ndani ya mabega na kiunoni, uzito ukagawanyika, na mshipi tukaufunga kwenye utepe. Nguo ikaelea. Suti ya Beuys yenyewe hutundikwa kwa henga ukutani, na inatosha: suti inayomngoja mwenye kuivaa.

Halafu kuna wanaotaka nguo iharibike. Mwaka 1997, pale Museum Boijmans Van Beuningen, Rotterdam, mbunifu Martin Margiela aliweka nguo zilizopakwa bakteria, hamira na ukungu, zikabadilika rangi siku hadi siku. Midoli ilisimama nje ya jengo na wageni wakaitazama kupitia vioo. Angalia alivyopanga: kioo kiliwatenga viumbe hao na mikusanyo ya ndani. Mtu akikuletea kazi ya namna hiyo, swali lako la kwanza liwe hilo la kioo.

Mwanga, na wale wadudu

Kitambaa hakisamehe mwanga. Makumbusho hushusha taa hadi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga) juu ya nguo, ambayo ni hafifu kuliko sebule yako jioni, na baada ya miezi michache nguo hurudi gizani. Uharibifu unajumlika. Saa mia za taa kali ni sawa na saa nyingi zaidi za taa hafifu, na rangi iliyoondoka hairudi. Nilijifunza kwa koti la bluu lililokaa karibu na dirisha lenye pazia jepesi. Baada ya miezi miwili mkono mmoja ulikuwa bluu, wa pili ulikuwa kama bluu iliyofuliwa mara hamsini. Pazia nililiamini kwa sababu lilikuwa zuri.

Funika madirisha kabisa. Tumia taa za LED, zisielekezwe kutoka karibu. Programu ya simu ya kupima mwanga itakupa makisio ya kutosha kuanzia. Wageni watalalamika kwamba ni giza, na dawa yake ni kuifanya njia ya kuingilia iwe na giza zaidi ya chumba, macho yakizoea pale mlangoni, laksi 50 zinatosha kuona hata uzi. Unyevu wa hewa uwe karibu asilimia 50 na usipande na kushuka.

Wadudu ni nondo, wa kuruka, si wale wa zege. Wanapenda sufu, manyoya, hariri, na zaidi ya yote jasho. Nakala ya suti ya Beuys iliyokuwa Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza, ililiwa na nondo kiasi cha kuondolewa kwenye mkusanyo. Kila kitu cha sufu kinachoingia kwangu hufungwa kwenye plastiki, hewa ikabanwa nje, kikakaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka hakifunguliwi mpaka siku nzima ipite, la sivyo unyevu utatua juu ya kitambaa chenyewe. Vipande vyenye plastiki, ngozi iliyopakwa rangi au gundi usivigandishe bila kumuuliza anayejua.

Maneno ya ukutani

Sitaki kusoma tena "mbunifu anachunguza mipaka kati ya utambulisho na kumbukumbu". Kila mtu anachunguza mipaka. Mgeni amesimama mbele ya nguo, mwambie kitu ambacho macho yake yanaweza kwenda kukihakikisha sasa hivi. Nilipewa maelezo ya namna hiyo kwa gauni lililoshonwa kwa mifuko ya kubebea mchele, nikayafuta na kuandika: "Mifuko kumi na saba. Maandishi yamegeuzwa ndani, isipokuwa kwapani. Mshono wa kiuno ni wa mkono kwa sababu sindano ya cherehani ilivunjika mara nne." Watu walikuwa wakiinama kutafuta kwapa. Msanii aliyelalamika kwamba nimeondoa falsafa yake alikaa pembeni akiwatazama, kisha akaacha kulalamika.

Herufi ziwe kubwa, maana taa ni hafifu. Au usiandike ukutani kabisa. Kwenye maonyesho ya mbunifu Mjapani Rei Kawakubo, Metropolitan, mwaka 2017, wageni walipewa kijitabu na kuta zikaachwa nyeupe, nguo nyingi zikiwa hazina kioo mbele. Zile nguo zake za mwaka 1997 zenye manundu mgongoni na nyongani hazihitaji mtu wa kukutafsiria. Unajikuta unashika nyonga yako mwenyewe.

Wageni watagusa. Kamba ya kuzuia huwafanya watake zaidi. Ninachofanya ni kuweka kando ya kila kipande mraba wa kitambaa kilekile, wenye mshono mmoja na ukingo mmoja uliofumuka, umefungwa kwa uzi ili usiibwe. Mikono ikishashiba huiacha nguo. Mraba huo huchakaa kwa wiki tatu, kwa hiyo shona mitatu mapema.

Kushusha

Watu huandaa siku ya kufungua kwa miezi, na siku ya kufunga huipa saa mbili. Nguo nyingi nilizoona zikichanika zilichanika siku hiyo, watu wamechoka na gari linangoja nje. Panga siku nzima. Vua kwa mpangilio uleule wa kuvisha, kinyume. Toa zile picha za kola na kwapa, linganisha mbele ya mwenye nguo, wote wawili muweke sahihi.

Na hesabu pini. Mimi huzihesabu zinapoingia, naandika idadi kwenye mfuniko wa kopo. Maonyesho yaliyopita ziliingia 212, zikatoka 211. Tulikunja makoti mawili na kuyakunjua tena, tukapapasa kila pindo kwa vidole, msanii akiniambia, "Mama, ni pini moja tu." Saa tatu usiku niliipata ndani ya bitana ya mkono wa kushoto, ncha ikiangalia juu, mahali ambapo mwenye koti angepitisha mkono wake asubuhi.